Picha Aliyoishea Mariette

Kashojwa, kambini kwa wakimbizi, neno shea si la mchezo. Mtu akipotea kwenye kukimbia vita, picha yake inawekwa kwenye grupu ya WhatsApp, chini yake mtu anaandika "shea", na hapo kila aliyeipata ana wajibu. Ukikaa nayo bila kuipitisha, wewe ni mchawi tu, huna jina lingine. Wengi wamepatikana hivyo, wengine Kigoma, wengine Bujumbura. Na aliyempata mtu wake hurudisha shukrani: anaweka picha mpya na kusema yuko wapi, ili waliosumbuka naye wafurahi.

Mariette, muuza unga wa muhogo, alitimiza desturi. Mwanawe Pacifique, aliyebebwa na watu wenye bunduki kule milima ya Fizi akitoka shule, alikuwa amewatoroka na kuvuka mpaka pale Kikagate, akamfikia mama yake mifupa mitupu. Alipopata nguvu akapata kazi Mbarara kwa fundi wa milango ya chuma. Mama wa watu akampiga picha mbele ya karakana, kibao kinasomeka vizuri kabisa, akaandika: "Mutoto wangu amepatikana. Yuko Mbarara. Mungu ni mukubwa. Shea." Wakashea. Bamama wale hawana ajizi.

Wiki haijaisha, ujumbe ukaingia kutoka namba asiyoijua. "Tumeona picha, tumefurahi mingi. Wenzake ba mulimani banamusalimia."

Alikuwa akimpimia mteja. Akaacha kopo ndani ya unga na mteja amesimama. Ulimi hauna mfupa, tunasema, na kidole cha simu je? Alimpigia Pacifique, hapatikani. Akapanda gari la Mbarara na kitenge cha kazi, akapita Kaberebere bila kuona kitu, na kila mwanamume aliyegeuka kumtazama alimdhania ndiye mwenye ile namba. Aliogopa hata kuomba.

Fundi wa Mbarara alimpokea kwa uso mkunjufu.

"Mama, mjomba yake alikuja asubuhi. Iko na picha kwa simu. Mimi nasema ngoja, kijana atarudi. Yeye anasema atakuja jioni."

Pacifique hana mjomba. Wote walizikwa kwao.

Akamkuta mwanawe nyuma ya karakana, amejibanza kati ya mabati na ukuta, nondo mkononi.

"Ni yeye, mama," Pacifique akanong'ona. "Ule aliyenifundisha bunduki. Nilimuona barabarani nikarudia huku."

"Twende polisi."

"Batanilinda mpaka lini? Picha iko fasi yote, kila simu."

"Nitaifuta, mwanangu. Nitaifuta sasa hivi."

"Utafuta na ya batu bote?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi mama yake. "Useme nimekufa. Mimi naenda. Usiniulize fasi gani, ukijua batakutesa useme."

Akamkumbatia, akatokea uani. Mariette hakumfuata, aliogopa kumwonyesha njia yule mwingine.

Aliporudi Kashojwa aliandika kwa vidole visivyotaka: "Mutoto wangu Pacifique amekufa kwa ajali, tumemuzika Mbarara. Shea."

Jua halijazama bamama wa grupu wakawa wamejaa uani kwake, kuni na unga mkononi. Chantal, jirani yake, ndiye aliyetangulia, akipiga yowe. Kwao Mariette, kumlilia aliye hai ni kumchimbia kaburi, kila mtu anajua hivyo, na yeye aliketi mkekani akilia machozi ya kweli, akimsihi Mungu moyoni asiyasikie haya, asije akayaamini. Wanawake walimshika mabega wakimwambia jikaze, mama, kazi ya Mungu haina makosa.

Simu ikatetemeka mapajani mwake. Ilikuwa ile namba.

"Pole sana mama. Tunaomba picha ya kaburi."

Chantal akamuuliza nani huyo. Mariette akaigeuza simu kifudifudi, akasema ni ndugu wa mbali, anatoa pole.