Dada Yake Kahangwa

Safina alikuwa hoi kwa kushona kutwa nzima, lakini aliona kwamba wale wanaume wawili walikuwa wakimfuata tangu dukani. Njia ya migombani pale Hamugembe ilikuwa tupu. Akaingia uwanjani kwa bibi asiyemfahamu, aliyekuwa akimenya ndizi.

"Mama, nimerudi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi njiani.

Bibi alimtazama, kisha akawatazama wale wawili njiani.

"Umechelewa, mwanangu. Kahangwa! Dada yako amefika, njoo umpokee mkoba."

Wanaume wakapita wakitazama pembeni. Ndani hakutoka mtu.

"Kahangwa yuko wapi?" Safina aliuliza.

"Yuko Muleba kwa mke wake. Kaa, mama. Tukishakula, jirani atakusindikiza."

Safina akakaa kwenye kigoda, akavua viatu.