Ile Tu ya Benoît

Euphrasie alinuna wiki nzima kwa sababu ya neno moja, tena fupi: tu.

Jumapili, walipotoka misani, Benoît alimwambia, "Euphrasie, nakupenda tu." Halafu akatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi. Tu? Mtu hula mboga ya sombe tu nyama ikikosekana. Yeye anayepiga mashine ya kuandikia ofisini Ibanda, aliyekataa wachumba wa maana, leo apendwe tu! Aligeuka akapanda zake kwao Kadutu bila kuaga. Na ubaya ni kwamba alimpenda mpaka chakula kilikuwa hakipiti, na Jumamosi Benoît alikuwa anahamia kufundisha shule ya Luvungi, mbali.

Ijumaa jioni lilikuwa somo la mwisho la Kiingereza alichokuwa akisoma baada ya kazi, nalo lilihusu vielezi. Mwalimu ndiye Benoît huyo huyo. Aliandika ubaoni "The teacher loves his wife", yaani mwalimu anampenda mke wake.

"Tutie adverbe 'only', ni kusema 'tu'," alisema. "Adverbe inatumikia neno yenye iko pembeni yake. Ukiihamisha, maana nayo inahama. Citoyenne Nsimire, kuya utie." Enzi hizo majina ya ubatizo yalikatazwa darasani na kila mtu aliitwa raia, kwa Kifaransa, kwa hiyo Euphrasie alikuwa Nsimire mpaka kengele ilie.

Alichukua chaki, akaliweka neno "only" mbele kabisa: ni mwalimu peke yake anayempenda, wengine wote hawamtaki. Darasa likacheka. Akafuta, akaliweka kabla ya "loves": anampenda tu, basi, hata sabuni hamnunulii. Wakacheka zaidi. Mwisho akaliweka kabla ya "his wife": anampenda mke wake tu, mwingine hapana.

"Hii ya tatu njo muzuri," alisema, macho kwa Benoît. "Ile ya katikati, mwalimu abaki nayo."

Benoît alijikuna kichwa. Somo lilipokwisha, alimngoja mlangoni.

"Sasa nimejua juu ya nini umenuna," alimwambia. "Lakini ile tu yangu haiko 'only', Euphrasie. Haitumikii neno moja, inatumikia phrase, sentensi yote. Maman yako anasema mushahara yangu iko kidogo: nakupenda tu. Unaninunia: nakupenda tu. Ukikatala kuenda na mimi Luvungi, nitakupenda tu."

Euphrasie alikosa pa kutazama. Kumbe wiki nzima alikuwa amelikasirikia neno tamu kuliko yote aliyowahi kuambiwa. Aliona haya, na furaha ikamjaa.

"Luvungi iko joto," alisema.

"Iko joto sana."

"Na mbu."

"Na mbu."

"Nitakuya tu."

"Tu gani?" Benoît aliuliza.

"Ile yako."