Hewa Iliyogoma Kutoka

Mpiga picha za mionzi yule wa hospitali wenzake walimwita Mama Pumua, maana kutwa nzima alikuwa kwenye kipaza sauti akiwaamuru watu: vuta pumzi, zuia, haya pumua. Na alijivunia sikio lake. Mgonjwa akimwibia hata nusu pumzi, alimjua.

Asubuhi hiyo waliingia mafundi wawili wa kuchomelea vyuma, ndugu wa tumbo moja. Mdogo aliitwa Sindano, na ukimwona hukuhitaji kuuliza kwa nini. Kutoka mlangoni hadi kwenye mashine ni hatua chache tu, lakini Sindano alisimama mara tatu kusoma matangazo ukutani, kana kwamba anatafuta jina lake. Kaka yake, mwenye karakana, akasonya. Akamweleza Mama Pumua bila kumung'unya maneno kwamba mdogo wake amegeuka mvivu wa kutupwa, ngazi tano tu anahema. Eti kipimo cha kupuliza kilitoka kibaya, lakini huyu hakupuliza kwa nguvu, anadeka. Picha ikitoka safi, nafasi yake karakanani anapewa mtu mwingine. Sindano aliyasikia yote, akawa anavua saa yake taratibu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Picha zenyewe ni mbili. Ya kwanza hupigwa mapafu yakiwa yamejaa, ya pili mtu akishatoa hewa yote. Pafu lililojaa huonekana jeusi. Likishatoa hewa hunywea na kuwa la kijivu. Ukiziweka bega kwa bega, unajua hewa imekwama wapi.

"Toa yote, kaka yangu, mpaka uone huna tena," Mama Pumua alimwambia kwenye kipaza sauti.

Picha ya pili ikaja nyeusi vilevile. Mama Pumua akakereka. Kurudia ni kumwongezea mtu mionzi bure, basi akaanza kuandika kwenye fomu kama alivyokwisha kuandika mara nyingi: mgonjwa hakufuata maelekezo. Kwa maneno hayo matatu picha zingewekwa kando, na Sindano angerudi kwa kaka yake mikono mitupu.

Lakini sikio lilimsuta. Alimsikia yule bwana akitoa pumzi, ndefu, yenye mluzi kwa mbali, hadi ikakatika. Sikio linasema katoa, jicho linasema hakutoa. Sasa mwongo nani hapa? Akaacha kuandika, akasogeza kiti.

Kwenye picha akalitafuta bomba kuu la hewa, lile linaloshuka kutoka kooni. Mtu akivuta pumzi, huwa la mviringo. Akitoa kwelikweli, ukuta wake wa nyuma husukumwa ndani, likawa kama mwezi mchanga. Kwenye picha ya pili ya Sindano, mwezi ulikuwepo. Mtu wa watu alitoa hewa mpaka mwisho. Ni mapafu yaliyokataa kuiachia. Mama Pumua aliona haya, akayafuta yale maneno moja moja. Akampigia daktari wa picha, naye akaja, akatazama, akamwambia amwite kaka mtu aonyeshwe.

Yule kaka aliinamia kioo cha kompyuta kama anayekagua kazi ya fundi mwingine. Kuuliza si ujinga, akauliza vile viduara vyenye kingo nene ni nini. Daktari akamwambia ni vijibomba vya hewa: kuta zimevimba, tundu limebaki dogo, hewa inaingia lakini kutoka haiwezi. Mambo ya mabomba hakuhitaji kufafanuliwa mara mbili. Akauliza kinachozivimbisha.

"Moshi, mara nyingi," daktari alisema. "Anavuta sigara?"

Hajawahi kuigusa, kaka mtu akajibu. Kisha akaanza kusimulia mwenyewe. Miaka ishirini na miwili walikuwa wakitengeneza matangi ya mafuta. Tundu la kuingilia ni jembamba, anapenya Sindano peke yake. Yeye hukaa nje akimpitishia vijiti vya kuchomelea. Moshi ukizidi, Sindano hugonga chuma kutoka ndani, naye humjibu kwa kugonga mara mbili. Mama Pumua akauliza mbili maana yake nini.

"Maliza kwanza," alisema. "Mimi nilikuwa nje, mama. Nje kuna hewa."

Akajifuta uso kwa kiganja, akatoka.

Sindano alikuwa tayari kavaa saa. Wakashika njia ya mlangoni, na kwenye tangazo la kwanza Sindano akasimama, akihema. Kaka yake akasimama pia. Lilikuwa tangazo la kunawa mikono. Akalisoma lote hadi mstari wa mwisho, akamtupia mdogo wake jicho, kisha akaanza kulisoma upya.