Albano wa Kwenye Darubini

Shomari, mpigapicha wa Temeke, alikuwa na kamera kuukuu ya macho mawili. Ilitoa picha mbili kwa mpigo, naye akazibandika sambamba kwenye kadibodi moja. Ukizitazama kwa darubini yake ya mbao zinaungana, na mtu anatokeza mbele ya ukuta, unaweza kumshika bega.

Alipompiga picha Albano, mchongaji wa vinyago, alimwambia atulie.

"Nitulie na tezo mkononi?" Albano akamjibu. "Watu waseme Mmakonde kawa mvivu?"

Akaendelea kuchonga. Shomari akampiga hivyohivyo, akamwachia picha pamoja na darubini. Ndiyo maana hata ndani ya picha hakuacha. Mkewe, Rosalia, akifagia nyumba alifagia na vipande vya mpingo vilivyodondoka chini ya darubini.

Kisha ukaja msako wa wazururaji. Asiye na kadi ya kazi alipakiwa kwenye lori, akapelekwa kijiji cha ujamaa kulima. Albano alijiajiri mwenyewe. Kadi angepewa na nani? Mgambo walimkuta barazani anachonga, wakamchukua.

Rosalia akabeba darubini hadi ofisi ya tawi.

"Shikamoo, Katibu. Mume wangu mmemwita mzururaji. Mtazame mwenyewe. Mie nataka arudi."

Katibu Mwishehe akainamia darubini. Kipande cha mpingo kikamrukia shavuni. Akajipangusa kwa leso, akatazama tena.

"Kweli anafanya kazi," alisema. "Na mkono anao. Mwambie anichongee fimbo."

"Mwambie mwenyewe. Anakusikia."

Katibu akamwambia, akaenda kunywa chai. Aliporudi, fimbo ilikuwa imechomoza kwenye kioo. Akaivuta, akaikita sakafuni mara kadhaa. Imenyooka.

"Sasa atarudi lini?" Rosalia akauliza.

"Taratibu, mama. Kila kitu kina utaratibu wake." Akainama tena. "Ndugu, kadi ya kazi unayo?"

Ndani ya darubini, Albano aliweka tezo chini, akapapasa mifuko yote, akatikisa kichwa.

Katibu alisikitika. Akamwita mgambo, na picha nayo, pamoja na darubini yake, ikapandishwa lori la mchana.

"Hata huyu?" Rosalia alisema. "Na huyu mnampeleka?"

"Wewe mama nawe," mgambo akamjibu. "Unalia nini? Si anakwenda kwa mwenzake?"

Kijijini Albano alimpokea Albano. Mwenyekiti aliwatazama wote wawili, akaona jina ni lilelile, akawapa jembe moja.