Wa Mwisho Kupanda Ulingoni

Glenda Ackroyd alikuwa hajawahi kuona wanaume wazima wakililia bango. Tangu asubuhi, ndani ya hoteli ile ya London yenye mazulia manene na vijisandwichi vya kumeza mara moja, Leonard Sissons hakuwa na habari nyingine. Sissons ndiye promota wa Pemberton, bingwa wa zamani wa uzito wa juu, na Pemberton ndiye aliyepigwa na Kieron, mdogo wake Glenda na bondia anayemsimamia kama meneja, akapoteza mkanda mbele ya uwanja mzima. Mkataba wa kwanza ulisema akishindwa atapewa marudiano. Sawa, wapewe! Lakini aliyepigwa adai jina lake litangulie kwenye bango, tena apande ulingoni wa mwisho, kana kwamba mkanda bado uko kiunoni mwake? Jamani, kuna watu nyuso zao kavu.

"Anayepanda wa mwisho ni bingwa," Glenda alisema. "Ndiyo desturi tangu enzi za mababu."

"Desturi, desturi! Bibie, watu wananunua tiketi kumwona nani? Mdogo wako alibahatisha tu."

"Alibahatisha raundi kumi na mbili mfululizo? Basi bahati yake ni nzuri kuliko hayo meno yako ya kununua."

Wakili wa Sissons alipaliwa na chai.

Ukweli ni kwamba Glenda hakujali bango hata chembe. Alitaka kitu kimoja tu: ulingo mpana, futi ishirini na mbili kila upande. Kieron hakumshinda Pemberton kwa nguvu, alimshinda kwa miguu. Alilizungusha lile dume mpaka likaishiwa pumzi. Ukimfungia kwenye ulingo wa futi kumi na nane, miguu ile haina kazi tena, na kinachobaki ni ngumi za Pemberton na kichwa cha Kieron. Na kichwa kilichopigwa sana Glenda alikijua. Baba yao, bondia wa Doncaster aliyetamba enzi zake, sasa hulishwa uji kwa kijiko na humwita binti yake kwa jina la marehemu mkewe.

Kwa hiyo alipigania bango. Aligonga meza, akainuka, akavaa koti, akarudi kuketi. Alimjua Sissons vizuri: ukionyesha unakitaka kitu, naye hukitaka papo hapo, kama mtoto wa chekechea. Ilipofika mchana akajifanya amechoka.

"Haya, chukueni. Jina lenu mbele, na mtu wenu apande wa mwisho. Lakini siwezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Nipe ulingo wa futi ishirini na mbili."

Sissons alicheka mpaka akajifuta machozi. "Ulingo? Chukua ulingo, bibie! Chukua na kamba zake ukaanikie nguo!"

Wakili akaandika. Glenda akainamisha uso asionekane anavyofurahi. Wajinga ndio waliwao.

Ikabaki sahihi ya Kieron. Akashuka kutoka chumbani na miwani ya jua usoni, mkanda begani. Siku hizi hata maziwa alikwenda kununua na mkanda. Akasoma ukurasa wa kwanza.

"Mimi ndiye wa kutangulia kupanda?"

"Tia sahihi, Kieron."

"Mimi bingwa, dada! Nisimame mle peke yangu nikimsubiri yeye amalize madoido yake?"

"Nitakueleza tukitoka."

"Nisipopanda wa mwisho, sipigani. Basi!"

Sissons akamtazama Kieron, akamtazama Glenda. Kisha akaufungua ukurasa wenye vipimo vya ulingo, akausoma polepole. 

"Kijana una haki," Sissons alisema kwa sauti ya upole. "Bingwa ni bingwa. Panda wa mwisho. Jina lako mbele, herufi kubwa. Na fataki nitakulipia mimi. Sisi turudishieni huo ulingo tu, tuufanye kumi na nane. Jambo dogo."

"Fataki?" Kieron aliuliza.

Glenda akamshika mkono. "Usikubali. Nakuomba, mdogo wangu."

"Ulingo ni ulingo, dada. Nilimpiga mara moja, nitampiga tena hata ndani ya kabati."

"Ulimkimbia, mpumbavu wee! Ulimkimbia vizuri, ndiyo maana hadi leo una akili zako!"

Alijuta neno lile kabla halijaisha kumtoka. Kieron alivua miwani, akamkazia macho, kisha, wakili alipomaliza kuurekebisha mkataba, akatia sahihi kila ukurasa kwa kalamu ya Sissons, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

"Na meneja hapa," wakili alisema.

Glenda aliitazama kalamu. Akikataa, kabla ya jioni Kieron atakuwa amepata meneja mwingine, mtu wa kucheka na Sissons. Na siku ya pambano, kwenye kona ya mdogo wake, hatakuwepo hata mmoja wa kuthubutu kurusha taulo ulingoni ili pambano lisimamishwe.

Akatia sahihi.