Sepetu Sita

Sitati alipenda sheria kuliko chakula. Ndiye aliyeanzisha Bega, chama cha vijana saba wa chuo waliopanga nyumba moja Kiamunyi, na ndiye aliyeandika katiba yake kwenye daftari kubwa. Mkutano kila Jumapili jioni. Ukikosa mara tatu mfululizo, umejitoa. Na ile sheria iliyozaa jina lenyewe: mwenzako akifiwa na mzazi, nyinyi sita mnachimba kaburi kwa mikono yenu na mnabeba jeneza mabegani mwenu. Hakuna cha kutuma pole kwa simu. Unafika.

Walikuwa wamefanya hivyo mara moja, baba yake mwenzao Muturi alipofariki, na watu waliona ajabu. Mama yake Kipyegon, mwanachama mwingine, alikuwa mkulima wa waru, yaani viazi, kule Kuresoi, na aliposimuliwa habari hiyo alifurahi mno. Kila muhula aliwatumia gunia la waru, na kwenye simu aliwaita "watoto yangu ya Kiamunyi." Siku moja akamtania Sitati:

"Wewe mrefu, utanibeba vibaya. Jeneza itaenda upande!"

"Mathe, wacha hizo. Wewe ndio utatuzika sisi," Sitati akamjibu, wakacheka wote.

Kisha mama akaugua kweli. Kipyegon akarudi nyumbani kumuuguza, akakosa mkutano wa kwanza, akakosa wa pili. Jumapili ya tatu akaandika: "Chairman, mama amezidiwa. Sitafika." Sitati alikuwa na hasira zake siku hiyo, watu wamechelewa, kiti cha Kipyegon kinamkodolea macho. Akajibu, "Kila mtu ana mama." Kisha akamtoa chamani na kwenye grupu la simu, kabla hata chai yake haijapoa.

"Si ungemngojea kidogo?" mwenzao Makokha akauliza.

"Katiba ni katiba."

Wiki tatu baadaye, Jumatano asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Jeruto, dadake Kipyegon, sauti imemkauka.

"Mama ametuacha. Tunazika kesho saa saba. Kipyegon amekataza watu ya hapa kuchimba, amesema hiyo ni kazi yenu. Mtafika asubuhi mapema?"

Jeruto hakujua lolote kuhusu kutolewa. "Tutafika," Sitati akasema.

Sasa hapo mtu mwenye akili angefanya nini? Si angeshika njia mara moja? Lakini Sitati alifungua daftari. Sheria ilisema "mwanachama," na Kipyegon hakuwa mwanachama tena. Kumrudisha kulihitaji kura za wote sita wakiwa pamoja, na Makokha alikuwa amelala chuoni, harudi hadi amalize mtihani Alhamisi saa nne asubuhi.

"Bana, twende tu," Muturi akamsihi.

"Tunaenda kama nani?"

"Kama watu!"

Sitati akakataa. Alitaka amfikie Kipyegon na kitu mkononi, amwambie umerudi, ni rasmi, tumetia sahihi. Ukweli ni kwamba aliona aibu, na hiyo kura ilikuwa mahali pa kujificha.

Alhamisi saa nne u nusu wakainua mikono sita, wakatia sahihi, wakajipakia kwenye gari la mjomba wa Muturi. Kupita Molo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na barabara ya Kuresoi ilikuwa tope tupu. Walisukuma gari hadi suruali zikageuka rangi. Sitati alisukuma akilia, akisema, "Watangoja. Lazima wangoje."

Walifika saa tisa. Watu walikuwa wakiondoka na viti vya plastiki vichwani. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, maua juu yake. Kando ya ua zilisimama sepetu sita, zimeegemezwa kwa mpangilio, safi, hata chembe ya tope hazina.

Kipyegon alikuwa amekaa karibu nazo. Amekonda, maskini. Sitati akamnyooshea karatasi yenye sahihi zao.

"Tumekurudisha. Sisi wote sita. Hii hapa."

Kipyegon akaisoma yote, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. "Asante, chairman."

"Ndugu yangu, nisamehe."

"Nilijua nimetolewa," Kipyegon akasema. "Lakini sikumwambia mama. Kila siku alikuwa anauliza kama yule mrefu atakuja kumbeba. Nikamwambia atakuja. Nilisema, hata wakinikasirikia mimi, kwa mama watafika. Leo alfajiri nikazunguka kwa majirani nikaazima sepetu. Tuliwangoja mpaka saa nne, wazee wakasema kaburi halitajichimba. Wakachimba na majembe yao. Hizi nilikataa ziguswe."

Sitati akanyakua sepetu moja, akalikimbilia kaburi, akatafuta udongo wa kurushia. Haukuwepo. Kipyegon akamfuata, akaichukua sepetu mkononi mwake polepole.

"Wacha. Imeisha."

Kisha Kipyegon akauliza, "Mama yako bado anakaa Lanet?"

"Yuko."

"Ulimwona lini?"

Sitati akahesabu. Tangu Januari. Kutoka Kiamunyi hadi Lanet ni kuvuka mji tu, lakini Jumapili zote zilikuwa za mkutano.

"Kila mtu ana mama," Kipyegon akasema. Hakusema kwa hasira hata kidogo, na hapo ndipo Sitati alipovunjika kabisa. "Nenda umwone wako."

Sepetu zilikuwa za watu, lazima zirudishwe. Kila mmoja akabeba moja begani, Jeruto akitangulia kuwaonyesha nyumba. Kwenye boma la mwisho, mama mmoja mzee akaipokea ile ya Sitati, akaigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye bapa lake.

"Mbona iko safi? Hamkutumia?"

"Hapana, mama," Sitati akasema. "Hatukufika."