Lugha Waliyoachiwa Ng'ombe

Foelke Janshen alipokubali kwenda Uskoti kuwa jaji wa maonyesho ya ng'ombe, hakuwa amefikiria habari ya kipaza sauti. Ng'ombe aliwajua. Tangu baba yake, mzee Habbo, amwachie zizi, ng'ombe wao wa madoa meusi walisifika Frislandi ya Mashariki nzima, pwani ya Ujerumani. Lakini jaji wa kule hanyooshi kidole tu akaenda zake. Husimama katikati ya uwanja akaeleza kwa Kiingereza, watu wote wakimsikia, kwa nini huyu ni wa kwanza na yule wa pili. Na Kiingereza cha Foelke kilibaki shuleni, tena dawati la nyuma.

"Tutakutafutia mkalimani," waandaaji walimwambia kwenye simu.

"Hapana," alijibu. "Ng'ombe nitamsema mwenyewe."

Akaenda kugonga kwa jirani yake, Tomma Reents, mwalimu mstaafu wa Kiingereza ambaye hakuwahi kumgusa ng'ombe maishani. Wakakaa jikoni kwa Foelke. Chai ilimiminwa juu ya sukari ya mawe, ikalia, na krimu ikaelea juu bila kukorogwa. Mzee Habbo alikuwa kando ya jiko, akijifanya hasikilizi.

"Tuanzie chini," alisema Tomma. "Kwato."

Foelke akalisokota neno la Kijerumani likae Kiingereza. "Claw!"

Tomma nusura apaliwe na chai. "Ukisema hivyo Waskoti watapanda miti! Hizo ni kucha za simba. Ng'ombe ana hoof."

"Lakini hilo kwetu ni la farasi!"

"Kwao ng'ombe na farasi wanashirikiana."

Wakaja kwenye mdomo. Kijerumani humpa binadamu neno lake na mnyama lake, na ukimwambia mtu afumbe lile la mnyama, mnapigana. Waingereza wana moja tu kwa wote.

"Ala!" Habbo akashindwa kunyamaza. "Mwingereza na ng'ombe wake wana mdomo mmoja? Ndiyo maana mapishi yao yako vile."

Walicheka, lakini somo halikushika. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Wiki zikapita, na Foelke akaanza kujiona mjinga, akawa mkali hata kwa mbwa.

Alasiri moja Tomma akasema, "Hebu twende tukamwone huyo ng'ombe mwenyewe." Akavaa mabuti ya kuazima wakaelekea zizini. Habbo alikuwa ameinama kando ya ng'ombe mzee, akimbembeleza ainue mguu asafishwe.

"Geev mi dien Foot," alimnong'oneza. Nipe mguu wako.

Tomma akasimama papo hapo. "Mzee Habbo, umesemaje?"

Habbo akawa mwekundu hadi masikioni. "Si kitu, Mwalimu. Kiplati tu. Naongea na mnyama."

"Umesema foot! Na Mwingereza anasema foot!"

Kiplati ndiyo lugha ya kale ya pwani ile, ndugu wa karibu wa Kiingereza kuliko Kijerumani kinachofundishwa shuleni, kwa kuwa mababu wa Waingereza walivuka bahari kutoka huko. Habbo alipokuwa mtoto hakujua nyingine, na kwa sababu hiyo mwalimu wake alimsimamisha kwenye kona, uso ukutani, wenzake wakimcheka. Siku ile aliapa kwamba watoto wake hawatasimama pale. Alipowapata, alizungumza nao Kijerumani cha shule, kigumu mdomoni mwake kama mkate wa juzi. Kiplati akawaachia ng'ombe. Na Foelke, aliyekulia miguuni pa ng'ombe wale, alikuwa amekisikia chote.

Sasa alisogea, akaweka mkono kwenye mbavu za mnyama. "Ribb," alisema.

"Rib!" Tomma akaitikia.

"Tung." Ulimi.

"Tongue!"

"Hart." Moyo.

"Heart! Endelea, mama, endelea!"

"Steert," Habbo mwenyewe akadakia, ameshika mkia.

Tomma akatikisa kichwa. "Wao wanasema tail."

"Basi mkia wameudondosha baharini walipovuka," alisema Habbo, na kwa mara ya kwanza Foelke akamwona baba yake akicheka na Kiplati mbele ya mgeni.

Foelke alipokwenda Uskoti, Habbo alifuatana naye, amevaa suti yake ya harusi. Uwanjani walibaki ng'ombe wawili: mmoja mkubwa, anang'aa, kipenzi cha watu; mwingine wa kawaida tu, lakini mwenye kiwele kilichoshikana vizuri na mwendo mwepesi. Foelke akampa ushindi huyu wa pili. Minong'ono ikazuka. Akapewa kipaza sauti. Alitafuta maneno ya Kiingereza kupitia Kijerumani cha shule, hakupata hata moja.

Akainama, akamshika mshindi mguu. "Geev mi dien Foot," alimwambia taratibu, na mnyama akauinua.

Hapo maneno yakafunguka. Kwa Kiingereza alisema mguu, akasema mbavu, kiwele na chuchu, akigusa kila alichokitaja, sauti ikipanda. Sarufi ilichechemea, ng'ombe alieleweka. Mwenye yule mkubwa, bwana Geddes, akamfuata uso umemkunjamana.

"Wangu ana nini?"

Foelke akauchukua mkono wake akaupitisha kwenye kifundo cha mguu wa nyuma wa ng'ombe wake, palipovimba kidogo. Geddes akapapasa, akashusha pumzi.

"Nilikuwa nauona uvimbe huu," alisema. "Nikajidanganya." Akampa mkono, na watu wakapiga makofi.

Mtangazaji akauliza jaji amejifunzia wapi habari za ng'ombe. Foelke akageuka. Alitembea hadi kwenye uzio akampa baba yake kipaza sauti.

"Kijerumani sikiwezi hapa," Habbo alinong'ona.

"Nani kakuomba Kijerumani, Baba?"

Mzee akavua kofia. Akasema kwa Kiplati, polepole, mbele ya uwanja mzima, jina lake na kijiji chake. Kisha akamwonyesha Foelke kwa mkono: "Dat is mien Dochter."

Hakuna aliyehitaji mkalimani. Waskoti nao, wanapoongea lugha yao ya nyumbani, binti humwita dochter.